Kalolaine na Mashine Iliyonyamaza

Kalolaine hawezi kutulia. Nasema haya mimi niliyekaa naye meza moja tangu ofisi yetu ilipohamia hapa Neiafu, mji wetu wa bandari, juu ya duka la kamba na nanga. Akiketi, goti linacheza. Goti likinyamaza, kidole kinagonga meza. Mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, ambao sisi wengine tunaufunga asubuhi na kuusahau, yeye anaufungua na kuufunga siku nzima, hata nyuzi za pembeni zimeanza kuchomoka. Nikimwambia, "Shoga, tulia basi, unanitia kizunguzungu," ananijibu, "Mbona nimetulia." Na goti linaendelea.

Kazi ya ofisi yetu ni kuwapelekea manahodha wa visiwa vidogo maonyo ya bahari. Onyo likitoka makao makuu linaingia kwenye kompyuta yetu. Humo kuna programu moja inayolichukua, inaiamsha modemu iliyofungiwa kule kwenye mnara mlimani, na kutuma ujumbe kwa kila nahodha. Manahodha wenyewe wameipa namba yetu mlio wa honi, mkali kuliko yote, maana baharini simu inakaa ndani ya kopo la biskuti na injini inanguruma. Mlio mwingine hawausikii, wala hawautaki. Honi ikilia, wanajibu neno moja, "Io", yaani ndiyo, tumepata, na boti haitoki. Honi isipolia, wanang'oa nanga. Kimya chetu ndiyo ruhusa yao, na sijui ni nani aliyeona kwamba huo ni mpango mzuri.

Programu hiyo aliiandika Uesile, fundi wetu wa zamani, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mkimya na mkaidi, mwenye tabia ya kufanya jambo vizuri kabisa kisha asimwambie mtu alivyolifanya. Alipofariki aliacha programu inayochapa kazi na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ndani yake mna nini. Maandishi yake ya asili yalikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na hiyo wanawe walikwenda nayo Auckland. Sisi tukabakiwa na kioo chenye taa ya kijani na maneno mawili: "Inafanya kazi." Kalolaine akarithi kiti.

Mtu mwingine angeishukuru taa ya kijani akanywa chai yake. Yeye hapana. Inafanya kazi gani? Inaifanyaje? Saa hii inafanya nini? Aliizunguka ile kompyuta kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akajipatia chombo cha kuipelelezea. Wenye kazi yao wanakiita strace. Yeye anakiita sikio.

Alinieleza siku moja huku anakula andazi langu bila kuniomba. Programu, alisema, haina mikono. Haiwezi kufungua faili yenyewe, wala kusoma, wala kutuma, wala hata kulala. Kila kitu inaomba, na anayeombwa ni kiini cha mfumo, ambacho ndicho kinachoshika funguo zote za mashine. Ni kama kwetu kwa chifu: huendi kumtia chifu viazi vikuu mkononi, unamwambia msemaji wake, msemaji anapokea, msemaji anajibu. Basi sikio linakaa hapo katikati na kuandika kila ombi na kila jibu lake. Naomba kufungua faili fulani. Halipo. Basi naomba hili jingine. Haya, chukua. Naomba kusoma. Soma.

"Kwa hiyo unasengenya," nikamwambia.

"Nasikiliza tu."

"Ndivyo wasemavyo wasengenyaji wote. Na hilo andazi?"

"Andazi gani?"

Ubaya wa sikio ni huu: kila ombi linashikwa kidogo ili liandikwe, kwa hiyo programu inayosikilizwa inachechemea. Mara ya kwanza alipolitega, onyo lilikuwa linatoka, na ujumbe ukajikokota hata nahodha wa mwisho aliupata akiwa ameshapita mwamba unaokizunguka kisiwa chake. Bwana Filimone, mkuu wetu, ni mhubiri kanisani, na sauti yake ya chini inatisha kuliko kelele za mtu mwingine. Alikuja mpaka mezani kwetu akasimama. "Binti," akasema, "programu ikiwa kazini usiiguse. Huwezi kumpima mtu pumzi kwa kumkaba koo." Tangu hapo sikio likawa la kutegwa siku tulivu, programu ikiwa haina la kufanya, na hizo siku tulivu ndizo zisizomfundisha mtu kitu.

Sasa nimtaje Fineasi. Ni kaka yake Kalolaine, tumbo moja, nahodha wa boti ya Fonuamei, kisiwa walichozaliwa. Kwetu kaka na dada wakishakua wanaheshimiana kwa kutengana. Hawakai chumba kimoja, hawataniani, na mmoja akiingia mahali penye mzaha, mwingine anatoka. Kwa cheo dada ndiye mkubwa, na watoto wa kaka wakimwona shangazi yao wanainama mpaka unawaonea huruma. Lakini ukubwa huo unakula mazungumzo. Kalolaine hampigii Fineasi simu. Anampigia Telesia, mke wa Fineasi, na huyo wifi yake ndiye anayebeba maneno huku na huku. Utotoni hao wawili waligombania kichwa cha samaki kwenye sahani moja. Siku hizi kila walicho nacho cha kuambiana kinapitia kwa mtu wa tatu, na Fineasi yuko baharini kila wiki. Mnaelewa sasa lile goti.

Kuna mwaka Kalolaine alishindwa kujizuia. Aliyatazama mawingu, akaitazama picha ya anga, akaona yaliyomo na yasiyokuwemo, akaandika onyo kwa mkono wake na kuwatumia manahodha wote kwa namba yetu. Honi zikalia visiwani kote. Boti zikafungwa. Na bahari ikakaa shwari kama sahani, jua likawaka, viazi vikuu vya kwenda sokoni vikaozea ufukweni, na bibi harusi mmoja akawasili kanisani siku mbili baada ya siku ya harusi yake. Watu wakambandika jina la Kimbunga. Fineasi alichekwa kwenye baraza ya kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, mpaka akaacha kwenda. Alimwambia Telesia, na Telesia akamfikishia mwenyewe: "Kuanzia leo nasikiliza mashine. Roho ya dada yangu siisikilizi tena, naiheshimu tu."

Bwana Filimone naye akafunga mlango huo, na modemu ikawekwa isipokee amri ila ya programu. Mtu yeyote asitume kwa mkono, programu peke yake itume, na itume pale tu makao makuu yanaposema. Kalolaine hakubisha. Alichofanya ni kuing'ang'ania ile programu kama mama wa mtoto mgonjwa, kwa sababu honi ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kumwambia kaka yake, leo kaa nyumbani.

Jumatano ninayotaka kuisimulia, upepo ulianza kabla ya chai. Onyo likatoka makao makuu: upepo mkali wa kusini mashariki, bahari kuchafuka kuanzia adhuhuri. Tuliliona likiingia kwenye kompyuta. Taa ya kijani. Inafanya kazi. Bwana Filimone alilitupia jicho akarudi ofisini kwake kwenye mahubiri yake. Nikamimina chai, nikaketi kungoja zile "Io", ambazo zikifika programu huweka alama mbele ya jina la nahodha. Nikanywa chai yote. Hakukuwa na alama hata moja.

Kalolaine alikuwa ameshasimama. "Saane, mbona kimya?"

"Labda wamelala."

"Wote?"

Akampigia Telesia. Fonuamei simu inashika kwenye ngazi za kanisa tu, kule juu kilimani, na kwa bahati Telesia alikuwa hapo akifagia. Kalolaine aliweka sauti ya wazi, kwa hiyo niliyasikia yote, na upepo ukiwa ndani yake.

"Wifi, honi imelia?"

"Honi gani? Huku kimya. Wapo ufukweni wanapakia. Si kesho ni mashindano ya kwaya huko kwenu? Kwaya nzima inakuja, na mchungaji, na binti yetu Losa, na mikeka kama ya kuhamia. Maji yakijaa tu wanapita mwamba."

"Asitoke! Onyo limetoka, ninalo hapa mezani. Mwambie asitoke!"

"Kalolaine, wifi yangu, usinikasirikie. Ulisema hivyohivyo mwaka ule wa viazi."

"Mwaka ule nilikuwa mimi! Leo ni makao makuu!"

"Nitamwambia. Ila unajua atakachojibu. Atasema mashine haijasema kitu."

"Basi mfunge kwenye mnazi!"

"Nimfunge mume wangu mbele ya mchungaji? Hebu tuliza roho, ngoja nishuke." Akacheka, kicheko cha kumbembeleza mtu. Simu ikakatika. Tulipopiga tena, namba haipatikani, na haikupatikana tena.

Redio ingetangaza onyo saa saba. Maji ya kupitia mwamba wa Fonuamei yangejaa kabla ya hapo. Boti ikishatoka inaingia kwenye mkondo ulio mkabala na mnara, na humo kwa muda simu inashika vizuri. Ukiumaliza mkondo ni bahari kuu, na huko hakuna simu wala mtu wa kukuita. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: honi ilie Fineasi akiwa ndani ya mkondo, au isilie kabisa.

Mimi nikashika simu nikaanza kuwapigia manahodha mmoja mmoja. Wa upande wa mjini wote walipokea, wote walishangaa, wakafunga boti zao, na mmoja wao akaniuliza kama Kimbunga amerudi kazini. Nilimtukana, sitasema nilisema nini. Aliyebaki ni Fineasi peke yake. Kalolaine aliizima programu akaiwasha upya. Ikaamka vizuri. Taa ya kijani. Inafanya kazi. Kimya.

Bwana Filimone akatoka, kalamu sikioni. "Ni mtandao huo," akasema.

"Mzee, mtandao mzima. Saane amewapata wote. Hakuna aliyesikia honi."

Akampigia Telesia yeye mwenyewe, akasikiliza yule mwanamke wa mtandao akimwambia hapatikani, akarudisha simu mezani polepole. Dirishani minazi ya ng'ambo ya bandari ilikuwa inalala upande mmoja.

"Nipe ruhusa nitege sikio," Kalolaine akasema.

"Ikiwa kazini? Tulishakubaliana, binti. Ukiigusa inachechemea."

"Ichechemee nini na haiendi?"

"Huenda iko njiani kutuma, ukaiharibu."

"Mzee, kaka yangu yuko ufukweni!"

Aliinua sauti mbele ya mkuu wa ofisi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Na mimi zikanipanda. "Bwana Filimone, mwache jamani! Inayochechemea si afadhali kuliko iliyolala? Tunaiogopa programu kama mama mkwe?"

Alinigeukia. Nilijua nitayajibia hayo siku nyingine, na kweli niliyajibia. Kisha akasema, "Tega."

Nilidhani kioo kitajaa vurugu. Nimemwona akilitega sikio mara nyingi, na kawaida mistari inamwagika mtu asiweze hata kuisoma. Safari hii ulitoka mstari mmoja. Programu ilikuwa inauliza: kuna faili linaloitwa sapate? Jibu: lipo. Mstari wa pili: naomba kulala. Kisha hakuna kitu. Tukangoja, upepo ukitikisa mabati. Ikaamka. Kuna faili linaloitwa sapate? Lipo. Naomba kulala.

Kalolaine aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. "Haijaligusa onyo," akasema. "Onyo liko palepale, haijaomba hata kulifungua. Modemu haijaiita. Inauliza kitu kimoja tu, inarudi kulala."

"Sapate?" nikasema. "Leo si Jumatano?"

Sapate, kwa lugha yetu, ni Jumapili.

Bwana Filimone akavuta kiti changu akakikalia. Uso ulikuwa umemshuka. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilimwambia Uesile."

Akatueleza kwa maneno machache. Zamani, Kalolaine hajaajiriwa, ujumbe wa majaribio uliwahi kutoka Jumapili, yeye akiwa mimbarini. Honi zikalia kwenye mifuko ya manahodha kanisa zima, kuanzia kiti cha mbele cha mashemasi, na watoto wakacheka mpaka wakatolewa nje. Jumatatu akamwita Uesile akamwambia Jumapili mashine ikae kimya kama watu. Wala hapakuwa na hatari yoyote, maana kwetu Jumapili hakuna boti inayotoka, sheria inakataza na watu wenyewe hawataki. Honi ya nini siku ambayo vyombo vyote viko nchi kavu? Uesile akaitikia, akafanya, na kama kawaida yake hakumwambia mtu alivyofanya.

Alichofanya ndicho tulichokuwa tunakisoma. Jumamosi ikiisha, kompyuta inaweka faili dogo tupu liitwalo sapate. Jumapili ikiisha, kompyuta inaliondoa. Programu ikiliona inalala, isipoliona inafanya kazi. Lakini Jumapili iliyopita umeme ulikatika jioni ukarudi Jumatatu asubuhi, na ile dakika ya kuliondoa faili ilipita mashine ikiwa imezimika. Hakuna aliyeliondoa. Programu ikaamka Jumatatu, ikauliza kama ni Jumapili, ikaambiwa ndiyo, ikalala zake kwa amani. Jumanne vilevile. Tulikuwa na upepo wa kuangusha minazi na mashine ya kilokole inayoshika Jumapili siku ya Jumatano.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ilikuwa hofu. Kalolaine hakucheka. Alilifuta faili.

"Tayari?" Bwana Filimone akauliza.

"Bado imelala. Ilishaomba kulala, lazima iamke yenyewe ndipo iulize tena."

"Iamshe!"

"Nikiizima, modemu nayo inaanza upya, tutachelewa zaidi. Tungoje."

Tukangoja. Na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu nilishusha macho chini ya meza nikaona goti lake halichezi. Vidole vyake vilikuwa vimelala mezani, havigongi kitu. Miaka yote nimemwomba huyu mwanamke atulie, na alipotulia nilitamani aanze tena.

Ikaamka. Kuna faili linaloitwa sapate? Halipo. Na mistari ikamwagika: naomba kufungua onyo, naomba kusoma, naomba kuifungua modemu, naomba kuandika. Lakini ilitoka kwa kujikokota, moja, halafu nyingine, maana sikio lilikuwa linaishika kila hatua. Nilielewa hata mimi mpokea simu. Kadiri tulivyokuwa tunaitazama, ndivyo ilivyokuwa inachelewa.

Kalolaine alikuwa na kidole juu ya kibonye. Akikibonyeza, sikio linatoka, programu inakimbia, na yeye hatajua kinachoendelea humo ndani. Namjua. Kutojua ndiko kunakomwua. Alikibonyeza. Mistari ikasimama, tukabaki na taa ya kijani na "Inafanya kazi", maneno yaleyale tuliyokuwa tumeyaamini tangu Jumatatu.

"Imetuma?" nikauliza.

"Sijui."

"Utajuaje?"

"Saane, nyamaza."

Alijilazimisha kungoja mpaka alipoona ujumbe wote lazima uwe umeshatoka, kisha akalitega sikio tena ili ayaone majibu yakiingia. Yakaanza. Programu inaomba kusoma kutoka kwenye modemu, inapewa: "Io." Inaomba tena: "Io." Hao walikuwa wa mjini, niliowapigia mwenyewe, boti zao zimeshafungwa. Mmoja akaandika "Io, Kimbunga", na programu ikachukua Io yake ikaachana na hilo lingine. Namba ya Fineasi haikuwepo. Bwana Filimone alikuwa anaomba dua chini kwa chini. Mvua ikaanza kupiga kioo cha dirisha kwa ubavu.

Ndipo namba yake ikaja. Niliuona mstari ule na mpaka leo naweza kuusema. Programu ilikuwa imesoma hivi: "Io. Nageuza. Mwambieni dada yangu", na baada ya hapo nukta tatu.

Nukta hizo hakuziandika Fineasi. Ndiyo desturi ya sikio: chochote ambacho programu inakisoma, lenyewe linaonyesha herufi chache za mwanzo, zinazofuata linazikata. Mtu anaweza kuliambia lionyeshe zaidi, lakini nani aliwaza hilo kwenye haraka ile? Na programu ya Uesile hutaka neno la kwanza tu. Ilichukua Io, ikaweka alama mbele ya jina la Fineasi, na kwenye mstari uliofuata ikaiambia modemu iufute ujumbe. Jibu: umefutwa.

"Anageuza!" nikapiga kelele. Nilimkumbatia Kalolaine, nikamkumbatia Bwana Filimone, naye akasahau kunisukuma. Nililia kama mtoto. Kabla ya saa saba bahari ilikuwa nyeupe mpaka upeoni, na boti ya Fonuamei ilikuwa imevutwa juu mchangani, kwaya nzima ikiwa kwenye ukumbi wa kanisa inakula viazi ilivyofungasha kwa safari. Telesia alipanda kilimani kwenye mvua kutueleza. Honi ililia wakiwa karibu kuumaliza mkondo, alisema. Losa ndiye aliyeisikia kwanza. Na Fineasi, aliposhuka, alimwambia kila mtu ufukweni, "Mnaona? Ikiwa kweli, mashine inasema."

Nilikasirika. Nilitaka kuichukua ile simu nimpashe. Mashine inasema! Mashine ilikuwa inakoroma! Kalolaine alinizuia kwa mkono.

"Wifi," akamwambia Telesia, "aliandika kitu mwishoni. Muulize aliandika nini."

Telesia alimwuliza siku hiyo, na akamwuliza tena wiki iliyofuata. Simu ya Fineasi ni ya zamani, haitunzi inachotuma. Na mwenyewe alijibu, "Niliiambia mashine, sikukuambia wewe," akacheka akaenda kushona nyavu zake.

Walikutana kanisani, kwenye sherehe ya mavuno. Niliwaona. Fineasi alipompita dada yake aliinamisha kichwa, kidogo kuliko wanavyofanya watu na kwa muda mrefu kuliko wanavyofanya, akaenda kukaa upande wa wanaume, mbali. Kalolaine alikuwa na swali lake mdomoni na hakuna mlango wa kulitolea. Alikunja na kukunjua ncha ya mkeka wake mpaka ibada ikaisha.

Faili la sapate halipo tena. Sasa programu inaitazama kalenda yenyewe, na Kalolaine aliandika maelezo ya kila alichofanya, akanilazimisha niyasome. Sikio nalo amelirekebisha, lionyeshe mstari mzima, hata mtu akiandika barua. Kila onyo linapotoka anangoja ujumbe uishe kutumwa, kisha analitega na kuketi. Bwana Filimone hupita akatazama ukutani, akijifanya hajaona. Majibu yanaingia, Io, Io, Io. La Fineasi huwa mwishoni mwishoni, kwa sababu huko kwao simu inashika kwa shida. "Io." Nukta. Hakuna kingine. Kalolaine huliacha sikio mahali pake kidogo zaidi, kisha analitoa.

Juzi nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Shoga, mimi najua alichosema. Alisema, mwambieni dada yangu apumzike."

"Unadhani?"

"Angesema nini kingine? Alikuwa ameshapona. Basi pumzika."

Goti lilikuwa linacheza.

"Nitapumzikaje," akasema, "na sijui kama ndivyo alivyosema?"